Hakuna Anayeona Jiwe Kama Polisi

Nimeambiwa niandike mambo ya kazi yangu kwa ajili ya nyinyi mnaobaki, na nimeambiwa niyaandike kwa mpangilio. Shule niliiacha darasa la nne, mwaka ambao mama aliona najua kuhesabu maandazi vya kutosha. Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: naanza mwanzo, naenda mpaka mwisho, na nikichoka nakunywa chai. Herufi zangu zinalala kidogo. Mjukuu wangu Ramla, yule anayesomea uuguzi, anasema zinafanana na watu waliokutwa na upepo njiani. Nina wajukuu tisa na hakuna hata mmoja mjinga, ingawa wawili wanajitahidi.

Vyeo vyangu sitavitaja. Cheo changu kilibadilishwa mara tatu, na kila mara nilibaki na ufagio uleule. Majina ya watu nimeyabadilisha yote isipokuwa langu, Mama Saidi, kwa sababu halimuumizi mtu. Mzee mmoja tu, mtakayemkuta mbele, aliruhusu habari yake yote iandikwe. Aliruhusu kwa maandishi, kwa saini, nakala mbili, moja akabaki nayo.

Kazi ilinikuta Muyinga. Tulikuwa watu wa mtaa wa Waswahili pale mjini, marehemu mume wangu fundi cherehani, mi nauza chai na sambusa karibu na maofisi. Nyuma ya soko chama kikaja kukodi nyumba ya vyumba vitatu, kikatundika kibao: msaada wa mazungumzo kwa polisi waliostaafu na familia zao. Mtaa mzima ulisoma kile kibao, na mtaa mzima ukacheka. Polisi na mazungumzo! Sisi wote tulishazungumza nao, barabarani, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kurudia.

Walinichukua nipike chai na kufagia. Mkubwa wa pale alikuwa binti wa Bujumbura, Mademuazeli Odeta, msomi wa mambo ya moyo na akili, mwenye miwani mikubwa na viatu visivyojua matope ya Muyinga. Alikuwa na chumba chenye meza, viti viwili na boksi la karatasi laini za kufutia machozi. Alikuwa pia na karatasi yake aliyoiita fishi: ukurasa mmoja wa maswali, na chini kabisa kisanduku kidogo kilichoandikwa "matokeo". Boksi la machozi alinionyesha kwa fahari, kama mtu anayeonyesha kabati la vyombo.

Siku ya kwanza alikuja mzee mmoja, mrefu, koti limefungwa vifungo vyote. Aliingia, akaangalia chumba, akachukua kiti cha Odeta, akakisukuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta na macho yake yakaona mlango. Odeta, mtoto mwenye adabu, akakaa kiti cha mgeni. Mi nilikuwa napanga vikombe, nikasikia yote.

"Jina lako?" Odeta akasoma kwenye fishi.

Akataja.

"Jina la baba? Ulizaliwa wapi? Ni tukio gani linalokusumbua, na ulikuwa wapi lilipotokea?"

Mzee akaitazama ile fishi. Halafu akauliza, "Nani amenishtaki?"

"Hakuna aliyekushtaki, mzee."

"Basi kwa nini unanihoji?" Akanyoosha mkono, akachukua ile kalamu, akaigeuza ile fishi upande wake. "Jina lako?"

Binti akataja. Na jina la baba akataja. Mi nikatoka na vikombe, nikafunga mlango. Baada ya saa nzima mlango ukafunguka. Mzee akatoka amenyooka, akaniambia mi mpika chai, "Huyu binti hana kosa. Mwacheni aende nyumbani kwao apumzike." Ndani nilimkuta Odeta amelowa, boksi la karatasi limefika nusu. Alikuwa amemwambia mambo ya mchumba wake yote.

Sasa msimcheke Odeta. Wengine wangekunja kibao wakarudi Bujumbura. Yeye alijifuta pua, akaniuliza, "Bon, Mama Saidi, we umeona nini?" Nikamwambia nimeona mtu aliyechukua kiti kinachotazama mlango. Toka siku ile kiti cha ukutani kikawa cha mgeni. Hilo ni la kwanza nawaachia, na halikutoka shuleni.

La pili lilitoka jikoni. Wazee wale hawakukipenda chumba cha Odeta, walipenda jiko langu, maana ukikaa jikoni unaona geti. Walikuja, wakasimama mlangoni, wakasema wamepita tu. Asubuhi moja nilikuwa nachambua maharage kwenye ungo, mmoja akasimama juu ya kichwa changu kama anasimamia kazi ya wafungwa.

"Umeruka moja," akasema.

"Moja nini?"

"Jiwe. Pale. Na pale." Akachuchumaa, akalitoa kwa kucha. Halafu la pili, halafu la tatu. Akavuta kigoda. Mwanamume mzima wa Muyinga kuchambua maharage ni jambo la kuitiwa majirani, lakini yule hakuwa anachambua maharage, alikuwa anatafuta mawe, na hakuna anayeona jiwe kama polisi. Mikono ikaenda, macho yakawa chini, na mdomo, kwa kuwa haukupewa kazi, ukaanza kusema wenyewe. Mwanzo alisema mambo ya mvua. Ungo ulipofika nusu alikuwa anasema mambo ya mwanawe asiyekuja kumwona.

Odeta alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Mchana alinituma sokoni kununua ungo wa pili. Kwenye ripoti aliandika "shughuli ya mikono", na wakubwa wakasifu. Toka siku hiyo sisi wa chama tulikula maharage masafi kuliko nyumba yoyote ya Muyinga, na nyama hatukuila.

Aliyenifundisha kusikiliza ni Mzee Gerivazi. Alikuja kama mgonjwa, akabaki kama mwalimu. Miaka yake yote ya polisi alikuwa karani, anaandika maelezo ya watu: mwizi, aliyeibiwa, aliyepigana, aliyeona. Kidole chake cha kati kilikuwa na sugu ya kalamu kama punje ya mahindi.

"Mama Saidi," aliniambia, "mtu akitafuta neno, usimpe. Ukimpa neno atalichukua hata kama si lake, maana linakuwa rahisi. Mwache alitafute."

"Na akikaa kimya?"

"Na we kaa kimya. Unaogopa nini, kimya hakiumi."

Akanifundisha nisiseme pole mapema. Ukisema pole, mtu anaona shughuli imeisha, anachukua kofia. Akanifundisha pia kwamba maneno yenyewe huja mwisho, mtu akiwa amesimama ameshika kitasa cha mlango. Yote aliyosema akiwa amekaa ni utangulizi. "Hapo usimrudishe kwenye kiti," akasema. "Hapo simama naye."

Ya kwake mwenyewe hakuyasema kamwe, miaka yote. Siku moja tu, ameshika kitasa cha jiko langu, alisema, "Mke wangu hajui kusoma, na mi sijui kusema. Tumeishi vizuri." Akaenda. Mungu amrehemu. Nilisimama pale mpaka maziwa yakafurika.

Wanawake ndio walikuja wengi kuliko waume zao, na hao hawakuhitaji ungo. Nyumbani kwao, saa kumi na mbili asubuhi mzee anapiga filimbi. Watoto na wajukuu wanasimama mstari uani, wanahesabiwa, wanakaguliwa kucha. Mama akirudi kisimani anaulizwa ametoka saa ngapi, amekutana na nani, shahidi wake nani, na mzee anaandika kwenye daftari. Mmoja aliniambia, "Mama Saidi, miaka yote hiyo nilikuwa na mume wa likizo. Anakuja na sukari, anakaa siku nne, ananipenda, anaenda. Sasa wamenipa mume mwenyewe." Tulicheka mpaka tukashikana. Halafu akalia. Kwa wanawake mambo hayo yako jirani, msishangae.

Baadaye chama kikafungua nyumba nyingine Gitega na Odeta akaenda kuiongoza. Akanitaka. Mwanangu Saidi alishahamia huko na duka lake la vitambaa, wajukuu wako huko, basi nikafunga ungo wangu kwa kitambaa nikaenda. Kazi ya Gitega ilikuwa ya kutembea, maana wastaafu wengi walirudi kulima kwao, Gishubi, Bukirasazi. Kama hujawahi kuona bibi wa Kiislamu nyuma ya pikipiki, mtandio unapepea, ungo mgongoni kama ngao, waulize watu wa barabara ya Bukirasazi. Walinipa jina. Siliandiki.

Na hapa ndipo nafika kwa Brigadie Melkiori, polisi mstaafu wa Bukirasazi, yule wa saini na nakala mbili.

Jumatatu moja asubuhi mkewe, Mama Fidesi, aliingia jikoni Gitega ametoka Bukirasazi, vumbi mpaka kwenye kope. Alikataa kigoda.

"Mama Saidi, mzee ameharibu."

"Ameharibu nini?"

"Posa ya mtoto."

Kwa mnaotoka mbali nieleze. Kwetu familia ya kijana inapokuja kuomba binti, kila upande una msemaji wake. Upande wa kijana hausemi umekuja kuomba binti. Unasema umepoteza ndama, au umekuja kutafuta mche wa kupanda. Upande wa binti nao unajifanya hauelewi. Wanataniana, wanabishana, wote wanajua, na mwisho pombe inanywewa pamoja na binti anakuwa ameombwa. Ni mchezo, lakini ndoa inasimama juu ya mchezo huo.

Wageni walitoka Gishubi watu kumi na wawili, na mitungi minne ya pombe ya ndizi vichwani. Melkiori, badala ya kukaa ndani na wazee wenzake, alikuwa amesimama getini.

"Akawaambia, 'Vitambulisho,'" Mama Fidesi akasimulia. "Wakacheka, Mama Saidi! Walidhani utani umeanza mapema. Msemaji wao, Mzee Sirili, mwalimu mstaafu, mtu wa maneno, akamjibu, 'Shefu, mkubwa wetu, sisi ni wasafiri, tumepoteza ndama.' Unajua mzee alimjibu nini?"

"Alimjibu nini?"

"'Ndama wa rangi gani? Amepotea saa ngapi? Nani alikuwa wa mwisho kumwona?'"

Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika sufuria ya moto.

"Usicheke, bado," akasema, na yeye mdomo unamcheza. "Akafunua mitungi akachokonoa na kijiti. Akamchukua yule kijana nyuma ya nyumba, akamchukua na baba yake pembeni ya zizi, kila mtu peke yake, akawauliza Fidesi walimjulia wapi. Kijana akasema kwaya. Baba yake akasema soko. Mzee akarudi mbele ya watu wote akasema, 'Maelezo yanapingana.' Basi wale watu wakajitwika mitungi yao, imejaa vilevile, wakarudi nayo Gishubi."

Hapo sikucheka. Kurudi na pombe yako kichwani, barabara nzima inakutazama na kuhesabu mitungi, ni heri utukanwe.

Fidesi hakusema na baba yake tena toka siku hiyo. Hakumtukana, hakumnunia hata. Alimpa chakula, akapita. Watu wa Gishubi walituma neno: wanasubiri Jumamosi mbili, baba aombe radhi, la sivyo basi. Na Fidesi alimwambia mama yake kwamba Jumamosi ya pili ikipita atachukua begi lake, ajipeleke mwenyewe. Binti aliyejipeleka hakuombwa na mtu. Kila ugomvi katika nyumba ile, mpaka anazeeka, ataambiwa: nani alikuita? Na baba yake hataweza kukanyaga kwake, maana ataingia kama nani?

"Mzee anasemaje?" nikauliza.

"Anasema alifanya kazi yake."

Siku ya pili nikapanda pikipiki. Melkiori nilimkuta getini, mtu mfupi, mpana, viatu vimepakwa rangi nyeusi shambani kule kati ya migomba.

"Kitambulisho."

Nikampa. Akasoma mbele, akasoma nyuma. Nikamwuliza na chake kiko wapi. "Hakikuhusu," akasema. Mkewe alinong'ona kwamba alipostaafu walimbadilishia kitambulisho komine, ofisi ya serikali ya kule, na tangu siku hiyo hata yeye mkewe hajakiona. Kimefungiwa sandukuni.

Tukakaa, yeye mgongo ukutani, na alinihoji mpaka chakula cha mchana. Nilizaliwa wapi. Naishi na nani. Mume alikufa na nini. Ulikuwepo? Neno lake la mwisho lilikuwa nini? Nilijibu yote. Mume wangu neno lake la mwisho lilikuwa kwamba suruali ya mteja fulani haijatiwa zipu, na nililisema hilo nikalia kidogo, si kwa ujanja. Akaandika kwenye daftari lake: zipu. Halafu akasema, "Unaweza kwenda."

Odeta aliponiuliza imekuwaje nilimwambia, "Nimeachiwa kwa dhamana."

Jumamosi ya kwanza ikapita. Nilirudi Jumatatu na ungo. Akautazama kama nimemletea sketi. "Mi siko mwanamke," akasema, akaenda kwenye migomba yake. Nilichambua peke yangu siku nzima, na Fidesi alikaa mbali kidogo akimenya viazi, kimya, uso wa baba yake kabisa, ugumu uleule. Nikajua ile nyumba ina vichwa viwili vya mawe.

Ikafika Alhamisi, zimebaki siku mbili. Hapo nikafanya kosa la kijinga ambalo lilisaidia kuliko akili zangu zote. Maharage ya soko siku hiyo yalikuwa masafi mno, nikaona hayatamvuta mtu. Nikashuka kwenye pikipiki njiani, nikaokota mawe madogo kiganja kizima, nikayachanganya. Melkiori alipita nyuma yangu akasimama.

"Haya maharage yametoka wapi?"

"Soko la Gitega."

"Na mawe?"

"Yamo humohumo."

Akachuchumaa, akalichukua moja, akaligeuza mbele ya jua. "Uongo. Hili lina lami. Na hili lina lami." Akanitazama. "We Mama, nani ametia mawe ya barabara mu maharage?"

Nimewahi kudanganya wateja, wakwe, na daktari. Lakini pale, mbele ya lile jicho, nilikiri palepale. "Mi, shefu."

"Kwa nini?"

"Nilitaka uwe na kitu cha kutafuta."

Akacheka. Mama Fidesi alitoka nje kuona nani anacheka. Akavuta kigoda, akasema, "Lete." Akaanza kuyatoa, na hakuyatupa, aliyapanga mstari juu ya jani la mgomba kama vidhibiti. Hakusema hata la mvua. Alimaliza ungo wote, akasimama, ameushika tayari kwenda kumpa mkewe. Na hapo, amesimama, ndipo aliposema.

Alisema aliwahi kuwekwa kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani, kijana bado. Gari likaja na watu wamevaa nguo za arusi, wanaimba, vikapu vimefunikwa vizuri. Zamu ilikuwa yake. Mwenzake alikuwa kwenye bariyeri ya mbele, mtu waliyekula sahani moja. Yeye akawatazama wale watu, wakamfurahisha, akainua kamba akawaambia wapite, akawapigia na makofi.

"Vikapu sikufungua," akasema. "Ilikuwa arusi. Nani anafungua vikapu vya arusi?"

Sikumpa neno.

"Hawakuwa wa arusi. Kwa bariyeri ya mbele mwenzangu aliwasimamisha. Hakurudi."

Pole ilinifika hapa kwenye koo nikaimeza kama kidonge bila maji. Nilisimama. Tukasimama wote wawili, na ungo katikati, kuku akipita kati ya miguu yetu. Halafu yeye mwenyewe, bila kuambiwa, akakaa tena.

"Nani anajua?" nikauliza.

"Iko mu ripoti."

"Fidesi anajua?"

"Nimesema iko mu ripoti."

"Fidesi hajasoma ripoti, shefu. Yeye ameona tu baba anachokonoa mitungi ya wakwe."

Halafu akaomba daftari lake. Aliandika kama alivyozoea: mimi niliyetia saini hapa chini, tarehe, mahali, niliona, nilifanya, sikufanya. Hakuna neno "samahani" mpaka mstari wa mwisho, na lile neno aliliandika vibaya, akalifuta, akaliandika tena. Nakala mbili. Moja akaiweka chini ya sahani ya Fidesi. Nyingine nikaipeleka Gishubi siku hiyohiyo kwa pikipiki, nikamkabidhi Mzee Sirili.

Sirili alisoma amesimama, mara mbili, kama anasahihisha mtihani. Akavua miwani. "Mwambie tutakuja," akasema. Halafu utani ukamrudia, maana ule ni ugonjwa: "Lakini akiuliza tena rangi ya ndama, tutamletea ndama."

Fidesi alisoma nakala yake. Mama yake aliniambia aliikunja ndogo, akaiweka ndani ya nguo kifuani. Lakini neno kwa baba yake, hapana.

Jumamosi ile nilikaa upande wa wanawake na soda yangu. Kiti cha Melkiori nilikichagua mi mwenyewe, mgongo ukutani, macho getini, na tulimwapisha asiinuke. Binti alikuwa ndani, mama yake alikuwa anasali bila kufumba macho.

Wageni wakaja. Mitungi minne ileile. Lakini walipofika getini hawakuingia. Walisimama nje, mstari mmoja, na Mzee Sirili akatoa mfukoni vitambulisho kumi na viwili vimefungwa na mpira, akavinyoosha mbele.

"Shefu," akasema, "tumeanza na hili ili tusisahau."

Hakuna aliyejua kama ni utani au ni tusi. Nadhani hata Sirili hakujua. Melkiori akainuka. Akatembea mpaka getini. Akavipokea, akatoa mpira, akavisoma kimoja kimoja, mbele na nyuma, kumi na viwili, na sisi tumekufa tumekaa. Alipomaliza akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa cha kwake, kipya, hakijawahi kukunjwa wala kuona jua, akakiweka kwenye kiganja cha Sirili.

"Na mi nikaguliwe," akasema.

Mwalimu akavaa miwani. Akasoma kwa sauti ya darasani: jina, jina la baba, mahali alipozaliwa. Halafu akafika pale walipoandika komine siku ya kustaafu, pale ambapo Melkiori hakutaka mtu yeyote apaone.

"Kazi: mkulima," akasoma.

Mi naapa nilimwona akitafuta neno, na hakuna aliyempa. Akawageukia watu wake. "Jamani, kumbe siku ile tulikosea nyumba! Tulimkuta polisi, tukamwambia habari za ndama. Leo tumemkuta mkulima. Mzee, sisi tuna shamba, hatuna mche. Tumesikia kwako uko."

Vigelegele vikapasua ua. Melkiori alisimama pale kama mtu aliyesahau mikono yake inakaa wapi. Halafu akaanza kurudisha vitambulisho, kimoja kwa mkono wa kila mtu. Akarudisha kumi na kimoja. Cha kumi na mbili, cha yule kijana, kikaingia mfukoni mwake.

Mitungi ilikuwa bado vichwani. Na hapo mlango wa nyumba ukafunguka, Fidesi akatoka, kitu ambacho binti hafanyi kabla hajaitwa, akavuka ua mbele ya wazee wote mpaka kwa baba yake.

"Baba, rudisha."

Neno la kwanza kwa wiki mbili hizo. Mzee alimtazama. "Sababu?"

"Ni wangu."

Akatoa kile kitambulisho. Hakumpa kijana. Alifungua mkono wa binti yake, akakiweka ndani, akaufunga kwa mikono yake miwili, akaushikilia kidogo zaidi ya inavyohitajika.

"Nakukabidhi," akasema. "Akitoroka, ni juu yako."

Nilirudi Gitega nimelewa soda. Jumatatu Odeta akatoa fishi ya Melkiori, akajaza yote, akafika kwenye kisanduku cha matokeo, kidogo vilevile kama siku ya kwanza Muyinga. Akauliza, "Bon, Mama Saidi, tuandike nini?" Nikamwambia. Akasema, "Mais, lakini matokeo hayawezi kuwa mitungi." Nikamwambia basi aandike anavyojua yeye msomi. Akakaa na kalamu muda mrefu, na mi sikumpa neno.

Ungo nimewaachia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko. Msiufanye pambo. Kiti cha ukutani ni cha mgeni, na mawe nunueni pamoja na maharage, msiokote barabarani. Fishi ya Melkiori iko kwenye kabati la chini, mkitaka kuiona. Kwenye kisanduku, kwa mwandiko mzuri wa Mademuazeli Odeta, kuna maneno matatu: mitungi imerudi mitupu.